Kibla Angani: Dini za Wanadamu katika Hadithi za Safari za Sayari

Watunzi wengi wa hadithi za kubuni za kisayansi walioandika katikati ya karne ya ishirini waliichukulia dini kuwa ni mzigo ambao abiria wa merikebu ya angani angeuacha gatini kabla ya nanga kung'olewa, kwa kuwa walidhani kwamba binadamu aliyekwisha kuzifikia nyota hatakuwa na haja tena ya kupiga magoti. Katika Star Trek, mchezo wa televisheni ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, maafisa wa chombo hupita sayari baada ya sayari wakikuta miungu ya kila namna, na aghalabu miungu hiyo hudhihirika kuwa ni mitambo au viumbe wenye nguvu na kiburi. Ama hao maafisa wenyewe, ni nadra kuwaona wakisali sala yoyote ya kwao. Hata hivyo, pembeni mwa mkondo huo zimetungwa hadithi nyingine, wala si chache, ambazo ndani yake dini zinazofuatwa leo na watu walio hai, za Kikristo na za Kiislamu, za Kiyahudi na za Kihindu, na hata dini ya jadi ya Wakikuyu, zimepandishwa chombo na kupelekwa mbali na dunia. Hadithi hizo ndizo ninazotaka kuzichungua, na ninalolitafuta ndani yake si kama mtunzi ameiheshimu dini au ameibeza, maana dharau na heshima zote mbili zaweza kutoka katika ujinga, bali ni kama ameijua dini kwa jinsi wenyewe wanavyoiishi mchana na usiku, kwa maji na mkate, kwa mwelekeo na kalenda, au ameichukua kuwa ni rai tu inayokaa kichwani ikingoja kuthibitishwa au kukanushwa na darubini.

Anayezikusanya hadithi hizi hushangaa kwanza kuona jinsi Wajesuiti walivyo wengi ndani yake, na sababu yake haijifichi. Shirika hilo, lililokubaliwa na Papa mwaka 1540, lilitoa wanafalaki na wamisionari kwa pamoja: Christopher Clavius aliyeshughulikia marekebisho ya kalenda ya mwaka 1582, Matteo Ricci aliyejipatia nafasi China kwa elimu yake ya hisabati na nyota, na wengine ambao majina yao yamepewa mashimo zaidi ya 30 ya uso wa Mwezi, hata leo kituo cha falaki cha Vatikani kimo mikononi mwao. Mtunzi atakaye mtu mmoja awe mtaalamu wa nyota na padri kwa wakati uleule humkuta amekwisha kutengenezwa na tarehe. Ndivyo alivyofanya Arthur C. Clarke katika hadithi fupi aliyoitoa mwaka 1955, The Star, ambayo msimulizi wake ni padri Mjesuiti anayerudi kutoka kwenye mabaki ya nyota iliyolipuka, alikokuta kumbukumbu za taifa zima la viumbe waungwana walioangamizwa na mlipuko ule. Naye akipiga hesabu ya lini mwanga wa msiba huo ulifika duniani, anagundua kuwa ndio uliong'aa juu ya Bethlehemu. Hadithi ni kurasa chache, imejengwa kama fumbo, na likishafumbuliwa haina zaidi ya kusema.

James Blish alikwenda mbali zaidi katika A Case of Conscience, riwaya ya mwaka 1958. Padri wake, Ramon Ruiz-Sanchez, ni mwanabiolojia aliyetumwa pamoja na wenzake watatu kuipima sayari ya Lithia, ambako huishi viumbe wenye maumbile ya watambaazi, wasioiba, wasiosema uongo, wasiogombana, na ambao hawana Mungu wala hawaoni upungufu kwa kutokuwa naye. Mwenzake Cleaver, mtaalamu wa fizikia, anaitamani sayari kwa madini yake ya lithiamu, yafaayo kwa silaha. Padri anaitazama kwa hofu nyingine kabisa, kwa maana wema uliokamilika pasipo neema yoyote aona ni mtego, na mtego huo hauna wa kuutega ila Ibilisi. Hapa ndipo ustadi wa Blish unapoonekana, kwa sababu kusema kwamba Ibilisi aweza kuumba ni uzushi wa kale wa Wamanikei, na padri anaujua uzushi huo kwa jina lake, naye anauingia macho wazi, akiitwa hatimaye Roma kujibu. Papa anamkumbusha kwamba Ibilisi haumbi, hudanganya tu, na kwamba dawa ya udanganyifu wa pepo inajulikana tangu zamani. Basi padri, akiwa Mwezini akiitazama Lithia kwa darubini, anasoma maneno ya kupunga, na wakati huohuo jaribio la Cleaver kule mbali linaharibika, na sayari yapasuka. Msomaji hawezi kujua ni lipi lililoiangamiza, na mtunzi hakutaka ajue.

Nazisifu hadithi hizi kwa werevu wake, lakini mtu akiziweka pamoja na ile ya Ray Bradbury ya mwaka 1951, ambamo mapadri wa Kanisa la Episkopali wanakwenda Mirihi na kukuta tufe za moto wa samawati zisizo na mwili wala dhambi, ataona kuwa zote zinazunguka suali moja: je, anguko la Adamu na ukombozi wa Kristo vinawafikia viumbe wasiokuwa wana wa Adamu? Suali hilo ni zito, lakini ni la nyumba moja. Mwislamu, ambaye katika dini yake hakuna dhambi ya kurithi, na ambaye amezoea tangu utotoni kusikia kwamba kuna majini wanaopewa amri na makatazo kama wanadamu, hana la kumtetemesha akiambiwa kuna viumbe wema katika Lithia. Na Myahudi naye, ambaye Torati yake haiwawajibishi watu wa mataifa mengine amri zake zote, atauliza tu kama majirani hao ni waaminifu katika biashara. Watunzi wa Kiingereza na Kimarekani walichukua shauri la teolojia ya kwao wakalifanya kuwa shauri la dini zote.

Ninapozisoma hadithi za Wajesuiti hao wa kubuni humkumbuka Mjesuiti wa kweli, Francis Xavier, aliyeshuka Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda India, akaandika baadaye juu ya mazungumzo yake na mzee mmoja Mwislamu wa mji ule. Mzee hakumwuliza juu ya asili ya dhambi. Alimwuliza kama makanisa ya Wareno hujaa watu, kwa sababu yeye alisikitika kwamba katika mji wake misikiti ilikuwa 17 na watu hawaendi ila katika mitatu tu. Watu wawili wa dini mbili, wasiokubaliana karibu juu ya lolote la akida, walikutana ufukweni wakazungumza juu ya mahudhurio. Na mimi naona kwamba kikao kile kina ukweli wa dini kuliko mlipuko wa Lithia.

Katika mlolongo wa Wajesuiti ni Mary Doria Russell, kwa riwaya yake The Sparrow ya mwaka 1996, aliyekaribia ukweli wa namna hiyo. Shirika la Yesu linasikia nyimbo kutoka sayari ya Rakhat, linatuma ujumbe wake kimyakimya, na miaka mingi baadaye anarudi mtu mmoja tu, padri Emilio Sandoz wa Puerto Rico, mikono yake imeharibiwa hata hawezi kushika kitu sawasawa, imani yake imejaa hasira, na wakubwa wake wakimhoji. Kilicholeta balaa si mjadala wa teolojia. Wageni walipanda bustani, wakawafundisha wenyeji wapole waitwao Runa kupanda pia. Chakula kikawa tele, Runa wakazaa kupita kiasi kilichowekwa na Jana'ata, jamii ya pili ya sayari ile, ambao huwatawala Runa na kuwala, na Jana'ata wakaja kusawazisha hesabu kwa kuchinja watoto. Wema wa mkono wa mgeni uliua. Russell aliijua tarehe ya misheni, na alijua kwamba mmisionari hafiki na Injili peke yake, hufika na mbegu, na dawa, na desturi za mezani, na kwamba mara nyingi hivyo vya pembeni ndivyo vinavyogeuza nchi.

Tukiuhama Ukristo tukauingia Uislamu, jina la kwanza kutajwa halina budi kuwa Dune ya Frank Herbert, iliyotoka kitabuni mwaka 1965. Msomaji wa pwani yetu akiifungua hahitaji faharasa yake: Mahdi, jihadi, usuli, fikihi, ghaibu, yote yamo, yamebebwa na Wafremeni, watu wa jangwani ambao mtunzi anasema wametokana na mahujaji wa Kizensuni, yaani mchanganyiko wa Ubudha wa Kizeni na Usuni uliopikwa kwa maelfu ya miaka. Inajulikana kwamba Herbert alichota mengi katika kitabu cha Lesley Blanch cha mwaka 1960 juu ya Imamu Shamil na vita vya milima ya Kaukasi, na kwamba alitaka kuwaonya wasomaji wake juu ya viongozi wanaoabudiwa. Ndiyo maana bishara za Wafremeni zilipandikizwa zamani na shirika la wanawake wenye hila, ili siku moja mgeni atokee na kuzitumia. Hoja hiyo ni kali na haijachakaa. Lakini Uislamu ulio ndani yake ni Uislamu wa vita na bishara, na wa siku za kila siku haumo isipokuwa kwa vipande. Riwaya nzima imejengwa juu ya ukosefu wa maji: Wafremeni huvaa nguo za kukamua jasho, hutoza maji ya maiti, na mtu akitema mate mbele yao huwa ametoa zawadi. Fikihi ya Kiislamu ina mlango mzima juu ya mtu aliyekosa maji na kuzungukwa na mchanga, nao ni mlango wa tayamamu. Mtunzi aliyekuwa na sayari nzima ya mchanga na watu waliotokana na Masuni hakuufanya mlango huo kuwa nguzo ya chochote. Zilipotoka filamu za Denis Villeneuve kuanzia 2021 hata neno jihadi likawekwa kando, wahusika wakasema vita vitakatifu, na hivyo Uislamu uliokuwa wa kuazima ukazidi kufifia huku mavazi na jangwa vikibaki.

Kosa la namna nyingine, dogo lakini la kufundisha, limo katika filamu Pitch Black ya mwaka 2000, ambamo imamu na vijana wake wamepanda chombo kwenda kuhiji Makka Mpya. Filamu inamtendea imamu kwa adabu. Ni mtu mpole na mwenye subira. Lakini aliyeiandika hakujiuliza ni vipi Makka yaweza kuwa mpya. Mkristo akijenga altare mpya popote, Misa ni Misa. Wayahudi, baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, walijifunza kuibeba ibada yao katika kitabu na jumuiya. Ama Mwislamu anaweza kuswali popote, lakini hawezi kuhiji popote, kwa kuwa nyumba ni moja na haihamishwi. Dini hazikushikamana na ardhi kwa kiasi kimoja, na tofauti hiyo, ambayo mfanyabiashara yeyote wa Mombasa mwenye majirani wa dini nne angeieleza kibarazani, ndiyo iliyowapita watunzi wengi. Roger Zelazny, katika Lord of Light ya mwaka 1967, aliwafanya mabaharia wa nyota wajivike enzi za miungu ya Kihindi na kuwatawala wazao wao kwa mitambo, mpaka mmoja wao akawaletea mafundisho ya Buddha kama silaha ya kisiasa; riwaya hiyo ina uchangamfu mwingi, ila mto wa Ganga haukusafiri nao.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki hapana hadithi inayomgusa kama Kirinyaga ya Mike Resnick, Mmarekani aliyezuru Kenya mara kadhaa, ambayo ilianza kutoka vipande vipande mwaka 1988 ikakusanywa kitabuni mwaka 1998. Resnick anawaza kwamba katika karne ya ishirini na mbili Kenya imejaa majiji na wanyama wa porini wamekwisha, na kundi la Wakikuyu limepewa kisayari cha kutengenezwa ili waishi humo kama walivyoishi mababu zao kabla ya wageni. Mkuu wao kwa mambo ya Ngai, yaani Mungu wao, ni Koriba, mundu mugo au mganga aliyesoma Cambridge na Yale kisha akavitupa vyeti hivyo na kuvaa ngozi. Mvua isiponyesha watu humjia, naye hufanya ibada ipasayo mbele yao. Kisha akiingia kibandani kwake hufungua kompyuta, ya pekee katika kisayari kizima, na kuwaomba mafundi wa nje wakisogeze kidogo katika njia yake ili mvua inyeshe. Mambo hayo mawili Koriba huyafanya bila kutahayari, na Resnick, kwa sifa yake, hakutuambia upesi kwamba huyu ni mlaghai. Mzee anaamini kwamba watu wake wakijua mvua hutoka kwa mafundi watakoma kuwa Wakikuyu, na kwamba yeye ni mlinzi wa kizingiti. Na msomaji hubaki akijiuliza kama anayemwomba Mungu kwa kinywa na fundi kwa chombo amewadanganya watu au amefanya kazi ya uganga kama ilivyo siku zote.

Hata hivyo kitabu kinakuwa kigumu kadiri kinavyoendelea. Koriba anamwua mtoto mchanga kwa kuwa alizaliwa akitanguliza miguu. Binti aitwaye Kamari, mwenye akili kupita rika lake, anamjia na ndege aliyevunjika bawa, anaiona kompyuta, anatamani kusoma. Mzee anamkataza kwa kuwa mila hairuhusu mwanamke kujua kusoma, na binti, akiisha kuionja elimu na kufungiwa mlango, anajiua. Kipande hicho ni cha kutia machozi na kimetungwa vizuri mno. Lakini ni lazima kusema kwamba mila iliyomo ni mila iliyogandishwa. Wakikuyu wa kweli, wakati Resnick anaandika, walikuwa tayari wamepita nusu karne wakiijadili dini yao wenyewe kwa wenyewe: walikuwako Wapresbiteri wa Tumutumu na Wakatoliki wa Nyeri, walikuwako Waakorino wenye vilemba vyeupe, waliozuka zama za ukoloni wakichanganya Biblia, ndoto na unabii, na walikuwako wazee waliokwenda kanisani Jumapili na bado wakauchelea mti wa mugumo. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya ya mwaka 1938, alieleza jinsi wazee walivyoomba wakiuelekea mlima ambao Ngai huufanya makao yake azurupo dunia. Mlima huo huonekana kwa macho, asubuhi mawingu yakitawanyika. Resnick alikipa kisayari chake jina la mlima, na hilo si dogo. Ila suali la mzee aliyeinua mikono akiwa mahali ambapo mlima wenyewe haupo, ni suali ambalo hakulifanya kiini cha kitabu, ilhali ndilo ambalo Mkikuyu yeyote angeliuliza kwanza.

Suali hilohilo, kwa sura ya Kiislamu, lilikuja kuulizwa, na waliolijibu hawakuwa watunzi wa riwaya. Mwaka 2007, Sheikh Muszaphar Shukor, daktari kutoka Malaysia, alirushwa kutoka Baikonur, Kazakhstan, mwezi wa Ramadhani, kwenda kituo cha kimataifa cha anga ambacho huizunguka dunia mara 16 hivi kwa siku. Lau angefuata kila mawio na machweo aliyoyaona, angelazimika kuswali sala 80 kwa muda ambao sisi twaswali tano. Maulamaa wa baraza la fatwa la nchi yake wakaandika mwongozo: saa za sala zifuate zile za mahali alipoondokea, saumu yaweza kucheleweshwa mpaka atakaporudi, kibla, akiweza, ni Kaaba yenyewe, asipoweza ni usawa wake juu angani, asipoweza ni dunia, na asipoweza ni popote atakapoelekea, na kwa tayamamu, apige viganja juu ya ukuta au kioo kilicho safi, hata kama hakina vumbi. Mimi nauona mwongozo huo kuwa ni fasihi ya kisayansi bora kuliko nyingi nilizozitaja, kwa sababu unamtazama mtu mwenye mwili, anayeelea, asiyejua chini ni wapi, na bado anataka kusujudu. Wakristo nao wana mfano wao. Buzz Aldrin, Mpresbiteri, alipotua Mwezini Julai 1969, kabla ya kutoka nje alishiriki Meza ya Bwana bila kutangaza hewani, kwa kuwa kulikuwa na kesi mahakamani juu ya usomaji wa Mwanzo uliofanywa na wanaanga wa Apollo 8. Na alisimulia baadaye jinsi divai, kwa mvutano wa Mwezi ulio sehemu moja ya sita ya ule wa dunia, ilivyopanda polepole ubavuni mwa kikombe.

Katika watunzi wa karibuni, waandishi wawili wanaotumia jina la James S. A. Corey walifanya jambo la busara walipowapa Wamormoni, katika Leviathan Wakes ya mwaka 2011, merikebu kubwa ya kuvuka vizazi iitwayo Nauvoo. Hawakuwachagua kwa mzaha tu. Watu hao walifukuzwa kutoka mji wao wa Nauvoo katika jimbo la Illinois, wakavuka nyika mpaka Utah kuanzia mwaka 1846. Kuhama ni sehemu ya dini yao, na kundi litakalokubali kwamba wajukuu ndio watakaofika, wala si wao, lazima liwe na jambo linalolifunga kuliko mshahara. Merikebu inanyang'anywa kabla ya kuondoka, na katika vitabu vilivyofuata inaishia kuwa kituo kiitwacho Medina, jambo ambalo sijui kama waandishi walilikusudia au la, lakini ni zuri.

Linalobaki ni Mirihi, ambako serikali na matajiri wanasema watapeleka watu. Mirihi ina miezi miwili. Phobos huizunguka sayari kwa muda usiotimia saa 8, upesi kuliko sayari yenyewe inavyojizungusha, hivyo huchomoza magharibi na kutua mashariki. Deimos huchukua kama saa 30. Hakuna hata mmoja unaofaa kuhesabia Ramadhani. Mwezi wetu sisi, ukitazamwa kutoka huko, ni nukta pembeni ya nukta, na hilali yake haiandami kwa yeyote aliye Mirihi. Mwambao huu, kutoka Lamu mpaka Kilwa, kila mwaka wapo wanaofunga na kufungua kwa habari zilizotoka Makka, na wapo wanaosema kila mji una matlai yake na lazima uone kwa macho yake. Na si ajabu nyumba mbili za mtaa mmoja zikala Idi siku mbili. Kule, wanaoshikilia kuona kwa macho ya mji wao watangoja Idi isiyokuja, na wenzao watangoja redio, ambayo habari yake huchukua dakika 3 mpaka 22 kufika, kutegemea sayari mbili ziko wapi.